Gari Lisilo na Dereva: Nasaha kwa Vijana wa Tarime na Serengeti

Apitaye jioni katika vichochoro vya Mugumu, au katika viunga vya Tarime mjini saa watoto watokapo shule, hakosi kukutana na mtoto anayekimbiza gari la waya, magurudumu yake yamekatwa katika soli za ndala zilizokwisha, na usukani wake ni waya mrefu ulioinuka hadi kiunoni mwa dereva, ambaye hakulipanda gari lake bali hulifuata kwa miguu akiigiza mngurumo wa basi la Musoma. Ukiinama ukalitazama vizuri utaona jambo ambalo wengi tulilipita bila ya kulifahamu: waya ule wa usukani umefungwa kwenye ekseli ya mbele kwa namna ya kwamba kiganja kikizunguka kidogo tu, magurudumu yote mawili hugeuka pamoja, na mtoto yule, ambaye hajafundishwa bado hesabu za pembe, amekwisha kujua kwamba akikimbia sana sharti ageuze kidogo, na akitembea polepole aweza kugeuza sana. Elimu hiyo, ikiandikwa kwa namba na kutiwa katika kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiberiti, ndiyo mwanzo wa elimu iendeshayo magari ya mashindano yasiyo na dereva, ambayo siku hizi wanafunzi wa vyuo wa Ulaya, Marekani na Ghuba hushindana nayo kwa zawadi za mamilioni ya dola.

Mimi ni mtu wa chaki, si mhandisi. Ila kwa miaka kadhaa nimewasaidia vijana wa huku kwetu kuunda vigari vya aina hiyo, na nimeona vingi vikigonga ukuta kuliko vilivyofika. Basi nasaha hizi si za bingwa, ni za mtu aliyeokota vipande sakafuni. Na neno langu kubwa nitalisema mapema, ili msomaji mwenye haraka aondoke nalo: usianze na mbio. Gari ambalo halijaweza kwenda mwendo wa konokono likamaliza mzunguko mmoja mara 10 katika 10, halina haki ya kuongezewa kasi, hata kama jirani yako amekwisha kuliongeza la kwake na watu wanampigia makofi.

Ili tuelewane, tumtazame kwanza dereva wa kibinadamu, ambaye hufanya kazi nne kwa wakati mmoja pasipo kujitambua: huona, hujua mahali alipo, huamua apite wapi, kisha mikono na miguu yake hutii. Wazee wetu waliokuwa wakifuatilia Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, yakipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, wanakumbuka kwamba kila gari lilikuwa na watu wawili, mmoja akishika usukani, na mwenziwe akisoma ramani na kumwonya kuwa mbele kuna kona kali, kuna korongo, kuna tope. Gari lisilo na dereva limewabeba watu hao wawili ndani ya kibao kimoja cha kompyuta, na aghalabu magomvi yatokeayo ndani yake ni ya hao wawili: msoma-ramani asema kona iko hapa, ilhali mshika usukani amekwisha kuipita. Ugomvi huo una hesabu yake. Kigari chako kikienda mita 2 kwa sekunde, na kamera yake ikapiga picha 10 kwa sekunde, basi baina ya picha na picha kimesafiri sentimita 20 kikiwa kipofu, nazo zatosha kabisa kukifikisha ukutani. Gari kubwa liendalo mita 60 kwa sekunde, likichelewa kufikiri kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, limekwenda mita 6. Kwa hiyo nikikuambia usikimbilie kasi sikuambii kwa woga wa kizee. Nakuambia kwa sababu kasi haiongezwi magurudumuni, huongezwa kwanza katika kuona na kuamua.

Waliotangulia nao walianguka, tena mbele ya watu. Mwezi wa Machi 2004 idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iitwayo DARPA, ilialika magari yasiyo na dereva yavuke jangwa la Mojave, masafa ya takribani kilomita 240, kwa zawadi ya dola milioni 1. Yaliondoka magari 15, halikufika hata moja, na lile lililokwenda mbali kuliko yote, la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, lilikwama kwenye ukingo wa njia baada ya kilomita 12 hivi. Haukupita muda mrefu. Oktoba 2005 magari matano yaliimaliza njia ya kilomita 212, na la kwanza, Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford, lilitumia saa 6 na dakika 53. Piga hesabu: ni kama kilomita 31 kwa saa, mwendo ambao bodaboda wa Sirari angeuonea haya, lakini ndio ulioshinda dola milioni 2, ilhali magari mengi yalibaki njiani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2017 mashindano ya wanafunzi ya Formula Student huko Hockenheim, Ujerumani, yalifungua mlango wa magari yasiyo na dereva, njia yake ikiwa imepangwa kwa koni za buluu upande wa kushoto na za manjano upande wa kulia, na vijana wa ETH Zurich wakatoka wa kwanza. Tarehe 23 Oktoba 2021 katika uwanja wa Indianapolis, gari la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich lilizunguka kwa wastani wa kilomita 218 hivi kwa saa, hamna mtu ndani, likatwaa dola milioni 1. Na mwezi wa Aprili 2024 chuo hicho hicho kilishinda katika uwanja wa Yas Marina, Abu Dhabi, mji ambao ndugu zetu wengi waujua kwa kwenda kutafuta riziki. Nawataja ili ujue njia inaelekea wapi, wala si ili ukate tamaa kwa ukubwa wake. Magari ya namna hiyo si ya kuigwa na shule ya kata. Ya kuigwa ni madogo: lile la sehemu moja ya kumi ya gari halisi, lililobuniwa mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambalo masomo yake na programu yake ya kuigizia barabara ndani ya kompyuta vyapatikana bure katika intaneti; na kile kigari cha mashindano ya dunia ya roboti kwa wanafunzi, yaitwayo World Robot Olympiad, ambacho nitakizungumza baadaye.

Sasa tuanze kazi. Vitu vya lazima havijazi kapu la sokoni: mota mbili ndogo za njano zenye giya, kibao cha kompyuta ndogo kiitwacho Arduino, kibao cha kuendeshea mota, sensa mbili za kuona weusi na weupe, betri, swichi na waya. Fundi simu wa Tarime, yule akaaye na miwani ya kukuzia mbele ya meza ya vioo vilivyopasuka, atakufundisha kulehemu kwa muda wa alasiri moja ukimwendea kwa adabu na ukakubali kumshikia tochi. Na maarifa hayo ni bora kuliko kununua kigari kilichokwisha kuundwa, ambacho siku kikizima hutajua kimezimia wapi. Bandika utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya sakafu ya saruji iliyofagiwa, ufanye duara refu mfano wa yai, kisha uziweke sensa mbili pembeni mwa utepe, moja huku na moja huku. Ya kushoto ikiona weusi, gari ligeuke kushoto. Ya kulia ikiona weusi, ligeuke kulia. Zote zikiona weupe, liende mbele. Ndivyo hivyo tu. Kitakwenda kwa kupepesuka kama aliyetoka kilabuni, nawe usione haya, kwani kimekwisha kuwa gari lisilo na dereva.

Kupepesuka huko ndiko kutakakokufikisha kwenye somo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye utamu kuliko yote. Ondoa utepe, jenga kuta mbili kwa maboksi ya sabuni, na badala ya sensa za weusi funga sensa mbili za mwangwi, zipimazo umbali kwa sauti isiyosikika na sikio la mtu, kama popo afanyavyo usiku. Tuseme ukuta wa kushoto uko sentimita 40 na wa kulia uko sentimita 60: gari limeelemea kushoto, na tofauti yake ni 20. Namba hiyo mafundi huiita kosa, jina ambalo nalipenda, kwa kuwa halina lawama ndani yake. Zidisha kosa kwa namba uliyoichagua, na jibu lake ndilo kiasi cha kugeuza usukani kuelekea kulia: kosa kubwa, geuza sana, kosa dogo, geuza kidogo, pasipo kosa, acha. Namba ile ya kuzidishia ikiwa ndogo mno, gari litachelewa na kugonga. Ikiwa kubwa mno, litarukaruka ukuta kwa ukuta. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba haitoshi kujua kosa ni kubwa kiasi gani, sharti ajue pia linaongezeka au linapungua, na kwa kasi gani, ili gari lianze kurudisha usukani kabla halijafika katikati. Nimemwona msichana wa kidato cha pili akifikia jambo hilo peke yake, kwa kukumbuka jinsi abebavyo ndoo ya maji kichwani: hasubiri ndoo iegemee ndipo airudishe, huirudisha inapoanza kuegemea.

Badilisha namba moja kwa wakati mmoja, na uiandike. Daftari la mistari, lenye tarehe, namba uliyoiweka, hali ya betri, na lililotokea, lina thamani kuliko kompyuta ya gharama. Kijana abadilishaye namba tatu kwa pamoja, gari likakubali, hajui ni ipi iliyomnusuru. Na kesho likikataa hajui arudi wapi.

Nimetaja betri, nami nitakaa hapo kidogo. Kigari kilichowekewa namba zake asubuhi kwa betri iliyojaa hakitakuwa kigari kile kile saa tisa alasiri, kwani nguvu imepungua na mota zimekuwa nzito, hata kona iliyokuwa ikikatwa vizuri sasa hukatwa kabla ya wakati. Wengi hudhani programu imeharibika, wakaifumua usiku kucha, kumbe dawa ilikuwa ni kuchaji. Fauka ya hayo, betri za lithiamu zitolewazo katika kompyuta mbovu zina hatari yake: usizitoboe, usigusanishe ncha zake mbili, usizichaji pasipo chombo chake maalumu, wala usizilaze kwenye chaji chini ya kitanda cha bweni. Nyumba ya nyasi au bweni lenye vitanda 60 si mahali pa kufanyia majaribio ya moto.

Na jua nalo lina neno lake. Siku moja tulialikwa kuonyesha kigari chetu katika shule nisiyoitaja. Kilikuwa kimezunguka mara 30 jioni iliyotangulia pasipo kosa, na wageni walipokaa saa sita mchana kikaondoka kama mshale, kikaacha utepe, kikaingia chini ya meza ya mgeni rasmi. Watu wakacheka, vijana wangu wawili wakakaribia kulia. Kumbe sensa zile huona kwa miali isiyoonekana, na jua lililopenya dirishani lilikuwa limejaza sakafu miali ya jinsi ile ile, hata weusi na weupe vikawa sawa. Tangu siku hiyo hukata boksi dogo tukazifunika sensa kama mtu ajikingaye uso kwa kiganja, na hufika mahali pa maonyesho mapema tupime mwanga wa pale, tusitegemee wa kwetu. Hali kadhalika vumbi letu jekundu: futa magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila mzunguko, ama sivyo kigari kitateleza na lawama utaitia kwenye hesabu.

Msidhani aibu hizo ni zetu peke yetu. Oktoba 2020, katika mashindano ya Roborace yaliyokuwa yakionyeshwa moja kwa moja, gari moja kubwa la gharama lilipoamriwa kuondoka liligeuka kulia papo hapo likajipigiza ukutani. Wahandisi walipochunguza walikuta kwamba usukani ulipelekewa kitu ambacho si namba, na hapakuwa na mlango wa kukizuia. Kwa hiyo katika programu yako weka bawabu: amri yoyote isiyo namba, au inayozidi mpaka wa usukani, ikataliwe, na gari lisimame. Funga pia swichi kubwa nyekundu juu ya kigari, mahali ambapo mkono waweza kuipiga bila ya kutafuta. Na lolote liwalo usikijaribu barabarani, maana ng'ombe wa siku ya mnada hawasomi programu, na dereva wa lori litokalo Nyamongo hatarajii kukutana na boksi lenye magurudumu.

Shule isiyo na fedha ya vifaa lakini ina kompyuta moja inayofanya kazi na umeme usiokatika kila saa, yaweza kuanza ndani ya kioo, kwa ile programu ya kuigizia barabara niliyotangulia kuitaja. Huko utakutana na njia nyingine ya kulifundisha gari, ambayo kampuni ya Amazon iliieneza kwa kigari chake kiitwacho DeepRacer mwaka 2018: huliambii gari lifanye nini, bali hulipa thawabu likitenda vyema, nalo likajaribu maelfu ya mara hadi likaijua njia. Ni njia ya ajabu, lakini ina mtego wa kale. Ukitoa thawabu kwa kila dakika ambayo gari liko barabarani, litajifunza kutambaa ili likusanye thawabu bila ya kufika. Ukitoa kwa kasi peke yake, litajifunza kukimbia hadi litoke nje. Mzazi aliyelea hatahitaji maelezo zaidi.

Kigari kikishatulia, kitafutie mahali pa kukionyesha. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, hupokea kazi za wanafunzi wa sekondari wafanyao kazi wawili wawili, nayo hutazama zaidi uchunguzi kuliko mapambo. Usiende na sentensi ya kwamba umeunda gari, nenda na swali, mathalan vumbi hupunguza kwa kiasi gani uwezo wa sensa kuona mstari, na daftari lako liwe shahidi. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, yana nafasi hata kwa fundi wa mtaani asiye na cheti, jambo ambalo nalisifu. Ama yale ya World Robot Olympiad, katika kundi la wahandisi wa kesho, humtaka mshindani alete kigari kisichozidi kilo 1.5, chenye usukani kama wa gari halisi, kizunguke uwanja mara tatu pasipo mtu kukigusa, nguzo nyekundu kikiipita kwa upande wake wa kulia na ya kijani kwa upande wake wa kushoto, kisha kijiegeshe. Kanuni hurekebishwa kila mwaka, hivyo soma za mwaka wako, na umri pia. Angalia jambo hili: kigari cha mota mbili kigeukacho kwa kuvutana gurudumu na gurudumu hakikubaliwi pale, wataka usukani. Na usukani mtoto wa Mugumu aliuunda kwa waya kabla hajaanza darasa la tatu.

Kwa wazazi nina machache. Nimeulizwa na baba mmoja, mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo, kigari hiki kitamletea nini mwanawe. Nilimjibu kwa habari mbili. Wanafunzi na walimu wa Makerere, Kampala, waliunda gari la umeme la Kiira mwaka 2011, na kazi ile haikuishia chuoni, ilizaa kampuni iundayo mabasi. Na kule Kibali, kaskazini-mashariki mwa Kongo, katika mgodi wa dhahabu uendeshwao na kampuni ile ile ya Barrick iendeshayo mgodi wa North Mara wa huku kwetu, mashine za kuzolea mawe hutembea zenyewe chini ya ardhi, na mtu mmoja aliyeketi juu katika chumba chenye vioo huangalia kadhaa kwa pamoja. Kama kazi ya namna hiyo itafika kwetu, atakayeketi katika kiti kile aweza kuwa mgeni, na aweza kuwa kijana wa Nyamwaga. Wala si mvulana peke yake. Desemba katika wilaya hizi ni mwezi ambao baadhi ya binti zetu huogopa kurudi nyumbani, kwa hofu ya ukeketaji, tunaoujua sote na tunaounong'ona. Chumba cha kazi kilicho wazi wakati wa likizo, chenye mwalimu wa kike ndani yake, si jambo dogo kwao.

Usingoje mfadhili. Joginder Singh wa Kenya aliposhinda Safari mwaka 1965, kwa mara ya kwanza katika mara zake tatu, alishinda na Volvo ya mtumba. Vijana wanne, mota mbili na utepe mmoja vyatosha muhula wa kwanza. Kinachopungua katika shule nyingi nilizozitembelea si akili, na mara nyingi si hata fedha, ni mahali pa kuachia kazi iliyofika nusu bila ya kuikuta kesho imefagiwa. Basi ombi langu kwa wakuu wa shule wa Tarime na Serengeti ni moja, tena halina gharama: wapeni ufunguo wa chumba kimoja, kila Jumamosi, na mwambieni mlinzi asing'oe utepe sakafuni.